Tipu za mlimani naziandikaje kwenye fomu ya mkopo?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mpishi wa mlimani, naishi Pasua, Moshi. Mwaka jana nilipanda Kilimanjaro tripu 14. Kila tripu kampuni hunilipa shilingi 210,000, na mgao wangu wa tipu ni kama 220,000, taslimu. Naomba mkopo wa milioni 5: pikipiki ya milioni 2.5, zinazobaki niweke sakafu na madirisha. Rejesho ni 340,000 kila mwezi, kwa miezi 18. Kwenye kipato cha mwezi nimeandika 1,200,000, maana Agosti nilipata hata zaidi. Mwenzangu ananiambia nimwombe bosi aandike barua kwamba huo wote ni mshahara. Mdhamini ni mama yangu. Fomu bado ninayo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nashukuru fomu bado iko mkononi mwako.

Barua hiyo usiiombe. Chini ya fomu utasaini kwamba maelezo yote ni ya kweli, na mama yako atasaini akiyaamini. Siku marejesho yakikwama, atakayegongewa mlango ni yeye. Na afisa mikopo akilinganisha barua na taarifa ya akaunti yako, atauliza huo mshahara wa milioni huingia wapi.

Lakini tipu usizifiche. Ni jasho lako: umepika uji kambi ya Barafu, huko juu mlimani, saa tano usiku kwenye baridi kali. Ziandike kwenye mstari wa kipato kingine, mbali na malipo ya kampuni.

Sasa tupige hesabu ya mwaka mzima, maana Agosti ni mwezi mmoja tu. Tripu 14 kwa 430,000 ni 6,020,000. Gawa kwa 12, unapata kama 501,000 kwa mwezi. Tipu peke yake ni kama 256,000, malipo ya kampuni 245,000. Yaani zaidi ya nusu ya maisha yako inategemea mkono wa mgeni. Ukitoa rejesho la 340,000 unabaki na 161,000 ya kula, tena huo ni mwezi wa wastani. Aprili, masika yakishika na wageni wakikatika, huna hata hiyo.

Ushauri wangu ni uombe milioni 2.5 ya pikipiki. Kwa masharti yaleyale rejesho litakuwa 170,000, ambalo wastani wa malipo ya kampuni unalibeba hata tipu zikikosekana. Pikipiki itakuingizia kitu Aprili, sakafu haikuingizii. Na kila Agosti weka pembeni marejesho mawili ya masika kabla hujagusa kingine.

Kuhusu ushahidi, nina uchungu nao. Nilihudumu mezani miaka sita kwenye hoteli moja Arusha. Tipu zangu zilisomesha wadogo zangu wawili, ila zilitoka mfukoni kwenda dukani. Nilipoomba mkopo wa cherehani, akaunti ilionyesha mshahara tu. Nikakataliwa, nikalia njia nzima hadi Ngarenaro. Miaka mingi baadaye niliketi kwenye kamati ya mikopo ya chama chetu cha akiba na mikopo hapa Moshi, akaja mpagazi na daftari la shule: tarehe, njia, idadi ya wageni, tipu, na pembeni karatasi ya benki ya siku aliyoweka. Tulimpitisha bila ubishi.

Fanya kama yeye. Ukishuka geti la Mweka, tipu zikishagawanywa, piga picha karatasi ya mgao kama kampuni yenu huiandika. Dola badilisha benki au duka la fedha lenye leseni, udai risiti. Kisha weka zote kwenye akaunti kabla hujatoa ya matumizi, hata kama kesho yake utatoa nusu. Kampuni iombe barua ya kweli: tarehe za tripu zako 14 na malipo ya kila moja.

Wapo wakopeshaji watakaohesabu sehemu tu ya tipu, wengine hawatazihesabu kabisa. Muulize afisa waziwazi kabla ya kulipia ada ya fomu. Kama akaunti yako ya mwaka jana ni tupu, subiri msimu wa Juni hadi Oktoba upite ukiweka kila tripu, ndipo urudi.

Na leo jioni kaa na mama, umsomee hesabu ya Aprili kabla hajashika kalamu.