Kuhesabu sadaka nako ni ibada

Mwanangu mpenzi,

Bwana asifiwe. Umeniuliza: wenzako wanahubiri na kuongoza sifa, nawe kila Jumapili uko chumba cha nyuma ukihesabu sadaka, je, kazi hiyo inakukuza kiroho, au ni uhasibu tu?

Fungua Matendo ya Mitume 6. Wajane walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku, mitume wakataka wachaguliwe watu saba wa kuhudumu mezani. Tazama sifa walizozitaka: watu wanaoshuhudiwa kuwa wema, waliojaa Roho na hekima. Kwa kugawa chakula! Na Paulo, katika 2 Wakorintho 8, mchango wa watakatifu hakuuacha mikononi mwa mtu mmoja. Alitaka mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele ya watu pia.

Basi meza yako ni hiyo. Msihesabu chini ya wawili, nao wasiwe wa nyumba moja. Tengeni noti za 1,000, 500, 200, 100 na 50, kisha sarafu. Mmoja ahesabu, mwenzake ahesabu upya kabla hajaambiwa jibu. Mkitofautiana, rudieni wote. Msikubaliane kwa makisio. Andikeni kwa wino na mtie sahihi pesa zikiwa bado chumbani. Za M-Pesa msizichanganye na za kikapu.

Panapoharibika ni padogo sana. Mtu anachomoa shilingi 300 za soda ya mgeni, halafu anaandika kilichobaki. Hakuiba, lakini kitabu kimeshasema uongo, na siku nyingine itakuwa 3,000 na moyo hautashtuka. Sadaka yote iandikwe kwanza. Soda itoke baadaye kwa vocha ya malipo.

Ninalolihofia kuliko pesa ni ulimi. Bahasha ya fungu la kumi ina jina la mtu. Juu imeandikwa 500, ndani mna 50. Andika 50, mtie sahihi nyote wawili juu ya bahasha, mwambie mweka hazina, basi. Ukikutana na mwenyewe mlangoni, msalimie kama ulivyomsalimia Jumapili iliyopita. Mwanangu, hapo ndipo Roho anapokufinyanga: kulijua la mtu, kulinyamazia, na kumpenda vilevile. Kwenye mimbari hupati zoezi kama hilo.

Wala usiifanye kazi hii ngazi ya kupandia mimbari. Luka 16:10 inasema aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Haikuahidi kwamba dogo utaliacha. Ukienda kanisani unaipita kengele ya Freretown pale Kengeleni, Mombasa. Kijiji kile cha watumwa waliokombolewa, kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875, kiliitegemea kengele hiyo iwaonye wanakijiji wavamizi wanapokuja. Kuvuta kamba ni kazi ya mkono tu, ila mvutaji akisinzia, kijiji kizima kiko hatarini.

Jumapili hii, kabla hamjamwaga kikapu mezani, ombeni kwa maneno machache tu, kisha muanze na noti za elfu. Na feri ikikuchelewesha Likoni, mpigie mwenzako simu mapema, asianze peke yake.

Mamako