Kuvua, si Kuvaa: Barua kwa Mwanangu Asya

Asya mwanangu,

Waalaykumu salaam. Ujumbe wako umefika, na mamaako kausoma kabla yangu, kama desturi yake. Unauliza: likija janga jengine kama lile la UVIKO-19, nyinyi wanafunzi wa udaktari mlioanza kuingia wodini mbaki, au mfunge virago kama walivyofunga wenzenu vyuo vilipofungwa Machi 2020 hadi 1 Juni? Unasema darasa limegawika, na wewe hujui ukae upande gani.

Mie ni bwana afya mstaafu, si daktari, kwa hiyo nitaanza na nilijualo. Mwanafunzi huyo anayetaka kubaki, anajua kuvua glavu na barakoa?

Usicheke. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa nne karatasi ya maswali: virusi gani, vinapitaje, karantini siku ngapi, nani yuko hatarini zaidi. Atajibu yote, na pengine atakusahihisha wewe. Karatasi haimuulizi alivyoitoa glavu. Hatari iko katika kuvua, si katika kuvaa. Mtu anapovaa yuko macho, anaogopa, na mwenzake anamtazama. Anapovua saa zake zimekwisha, jasho linamtiririka, miwani imefunga ukungu, anataka maji ya kunywa. Hapo ndipo kidole kinapokwenda puani.

Utaratibu ni huu, na ufanye mpaka mkono uujue bila kichwa. Glavu kwanza: bana ya kwanza kwa nje kwenye kiganja, ivute igeuke ndani nje, ishike kwa mkono uliobaki na glavu, kisha ingiza kidole kitupu chini ya ukingo wa ya pili, uigeuze juu ya mwenzake. Gauni lifunguliwe nyuma, livutwe mbele huku likikunjwa ndani nje, bila kulikung'uta. Safisha mikono. Miwani au ngao ya uso ishikwe kwa mkanda wa nyuma, si kwa kioo. Barakoa ndiyo ya mwisho, na kama ni ya N95, ile ngumu ya kubana uso, uitoe ukiwa umeshatoka chumbani: mpira wa chini kwanza, kisha wa juu, bila kuigusa mbele. Safisha mikono tena, sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa, au 40 hadi 60 kwa maji na sabuni. Anayeanza kwa kuteremsha barakoa kidevuni ili apumue kidogo ameshaharibu yote.

Na nyinyi wenye hijabu: mipira ya N95 ikae juu ya kichwa na shingoni bila kuteleza, na ukingo wa mtandio usipenye hata kidogo baina ya barakoa na shavu. Vaa kofia ya kubana chini, barakoa, halafu funika kwa mtandio safi wa wodini unaoweza kufuliwa hapo hapo. Wavulana wenye ndevu nao wasijidanganye. N95 inachuja asilimia 95 ya chembe pale tu inapogusa ngozi pande zote. Juu ya ndevu hewa inapita pembeni. Ifunike kwa viganja viwili, pumua nje kwa nguvu, na ukisikia upepo kwenye pua au shavu, bado hujavaa.

Jiki nayo. Najua mnaona ni kazi ya mfagiaji, na hapo ndipo mnaponiudhi. Jiki yenye klorini asilimia 3.5 ukiitaka iwe ya 0.5 ya kupangusia meza na damu, gawa 3.5 kwa 0.5, unapata 7, toa moja: kipimo kimoja cha jiki, vipimo sita vya maji. Ya unga wa asilimia 70 ni gramu 7 kwa lita, ipimwe kwa mizani, na unga ndio uingie kwenye maji, si maji kumwagiwa unga. Changanya kila asubuhi, weka mbali na jua, usitie kwenye chombo cha chuma. Safisha uchafu kwanza kwa sabuni na maji, kwa sababu matapishi na damu huila klorini kabla haijafika kwenye kijidudu, kisha pangusa na uache dakika 10. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Hewa itakayotoka itakuua kabla ya virusi. Na usimnyunyizie mtu. Tuliyaona yale majengo ya kupita na kunyunyiziwa mwili mzima: yanaunguza macho na hayamsaidii aliye na virusi kifuani.

Sasa mamaako anasema najibu swali langu badala ya lako. Basi nikwambie la shangazi yako Bimkubwa.

Unakumbuka alivyopelekwa hospitali baada ya harusi ya Rukia, kifua kimembana, mikono na miguu imejaa piko mpaka kwenye kucha. Kipimo cha oksijeni kikabanwa kidoleni: mara hakisomi, mara kinaonyesha 80, mara kimezima. Daktari aliyekuwa zamu akaagiza mtungi wa oksijeni uhamishwe kutoka kwa mzee wa kitanda cha pili. Mtungi ulikuwa mmoja. Ule mkubwa wa lita 6,800, ukifunguliwa lita 10 kwa dakika, unakwisha kwa saa 11 na kidogo, na mzee yule alikuwa hana saa za kugawa.

Mwanafunzi mmoja, binti wa huku huku Pemba, akasimama akamtazama shangazi. Anazungumza sentensi nzima (na unamjua kwa kuzungumza), midomo haina ubluu. Akamhesabia pumzi dakika nzima kwa saa ya mkononi, si nusu dakika akazidisha mara mbili: 18. Akaangalia vidole, akasema, "Hii piko nyeusi inaziba mwanga." Kipimo kile hupitisha taa nyekundu na taa isiyoonekana kwenye nyama ya kidole, na rangi nyeusi ikiwa juu ya ukucha taa haifiki upande wa pili. Akatafuta kile cha kubana ndewe ya sikio. Kikasoma 97, yaani shangazi hakuuhitaji mtungi.

Mzee akabaki na mtungi wake. Na yule binti akakaripiwa mbele ya wagonjwa kwa kumsahihisha mkubwa wake. Mpaka leo linanikereketa. Alijua jambo ambalo kitabu kingeweza kumfunza, lakini lilimwingia kwa sababu mamaake na mashangazi zake wanapaka piko. Ukimpeleka binti kama huyo nyumbani, umepeleka nini?

Ndiyo, najisikia ninavyoegemea. Lakini mwanafunzi wodini anakula glavu, gauni na barakoa za muuguzi. Analala dahalia, wanne chumba kimoja, na Ijumaa anapanda boti kuja kwa bibi yake mwenye sukari na presha. Halipwi, na akiugua haijulikani nani atamtibu. Machi 2020 Italia iliwaondolea wahitimu mtihani wa leseni ili waingie kazini upesi. Mwezi huo huo nchini Marekani jumuiya ya vyuo vya tiba ikataka wanafunzi wakae mbali na wagonjwa. Sidhani kama upande mmoja ulikuwa wa wajinga.

Halafu nakumbuka Copenhagen, Denmark, mwaka 1952. Polio iliyopoozesha pumzi. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo, 27 walikufa. Daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, akasema koo litobolewe, mpira utiwe, na pumzi ibanwe kwa mkono. Mashine hazikutosha, basi wanafunzi wa tiba na wa meno, kiasi cha 1,500 kwa ujumla, wakapokezana usiku na mchana kubana mifuko ya hewa, na vifo vikashuka sana. Wale hawakuwa wanangoja kufaulu mtihani. Lakini kwanza walionyeshwa cha kufanya, wakapewa zamu, na kulikuwa na mkubwa karibu. Mwanafunzi anayebakishwa bila hayo ni mtazamaji aliyevaa koti jeupe.

Kuna na kazi isiyotaka kitanda: kufuata waliokutana na mgonjwa kwa simu, kuchanganya vitakasa, kuzungumza na watu. Hiyo ya mwisho ngumu kuliko unavyodhani. Mjomba wako Khamis na sufuria lake la mchaichai na mkaratusi, ukimwambia kujifukiza ni ushamba umempoteza. Muulize kwanza anapumua vipi, mwambie mvuke hauui virusi na maji yanayochemka yanaunguza watoto, na umtajie dalili ya kumleta hospitali: pumzi zaidi ya 30 kwa dakika. Chama cha Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilipotangaza kuwa ana UVIKO-19, kisha akafariki 17 Februari 2021, mjomba aliacha kuicheka barakoa. Hakuna mwanafunzi aliyemfikisha hapo kwa kumsuta.

Mara mbili nimeandika "bakini" nikalifuta. Sitakupa neno hilo, maana utakwenda kulisema darasani kuwa babaako kasema. Muulize mkuu wa kitivo nani atawapima kama N95 zinawabana sawasawa, na lini, nani atasimama mlangoni kuwatazama mkivua, na akiugua mmoja analala wapi. Hatari iko katika kuvua, nimeshasema.

Na chanjo ya homa ya ini ya B: ya kwanza, ya mwezi mmoja, ya miezi sita. Mamaako anasema ya tatu hujachoma. Kweli?

Babaako,
Wete