Maswali na majibu: Kitanzi, rufaa na mwanga wa koroboi

Wiki iliyopita niliandika kwamba napinga hukumu ya kifo, na kwamba kumuua mtu bila kumpa nafasi ya kukata rufaa ni dhuluma hata kama amekosa kweli. Jumbe zimekuja nyingi, nyingine za matusi. Leo najibu tano.

"Mwenzetu alikatwa panga kwa sababu ya pikipiki ya mkopo. Ameacha watoto watatu. Leo unatuambia waliomuua wasinyongwe? Wewe uko upande wa nani?" (Mwendesha boda boda, Kondele)

Pole sana, ndugu yangu, na uwape pole wenzako wote wa hapo steji. Niko upande wa wale watoto. Nataka waliomuua baba yao wakamatwe, washtakiwe na wafungwe. Ninachokataa ni kitanzi, na kuna karatasi iliyonifikisha hapo.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiwasaidia wafungwa wa gereza moja huku magharibi kupanga makaratasi ya rufaa. Mmoja wao, aliyehukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu, alinipa kurasa mbili za daftari zilizokunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kukatika. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunzia kusoma humo humo ndani. Sababu yake ya tatu ilisema: "Hakimu hakuuliza koroboi ilikuwa mbali kiasi gani na mwizi."

Basi. Shahidi alikuwa mmoja, tukio lilikuwa la usiku, mwanga ni wa koroboi, na kesi nzima hakuna aliyeuliza ile taa iliwekwa wapi. Majaji wa rufaa walitafuta jibu kwenye rekodi wakalikosa, wakamwachilia. Alikuwa amekaa ndani miaka tisa. Kama angenyongwa, zile kurasa zingemfaa nani? Na wewe unayemlilia mwenzako fikiria hili pia: kwa miaka yote hiyo tisa mwizi halisi hakutafutwa na mtu, kwa sababu kila mmoja aliamini kashapatikana.

"Kwani Kenya bado inanyonga watu?" (Msomaji, Nakuru)

Watu wa mwisho kunyongwa walikuwa Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, gerezani Kamiti, Julai 1987, kwa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Lakini sheria ipo na mahakama bado zinatoa hukumu hiyo. Ndiyo maana kila baada ya miaka fulani utasikia rais amewabadilishia wafungwa kifo kuwa kifungo cha maisha: Kibaki mwaka 2009, zaidi ya watu 4,000, Uhuru Kenyatta mwaka 2016, watu 2,747, na Ruto mwaka 2023. Nashukuru kwa kila mmoja wao. Ila kubadilishiwa adhabu si kusikilizwa upya. Asiye na hatia anabaki na hatia ile ile, na mlango ule ule umefungwa.

"Rufaa ni za matajiri kupoteza muda. Mtu akipatikana na hatia, si amalizwe siku hiyo hiyo?" (Mwanafunzi, Maseno)

Mdogo wangu, yameshafanyika, na tulipakana nayo. Machi 2002 huko Kotido, Karamoja, wanajeshi wawili wa Uganda walipigwa risasi hadharani kwa kumuua padri kutoka Ireland na watu wawili aliokuwa nao. Kutoka siku ya mauaji hadi siku ya risasi zilipita siku chache tu. Rufaa ingeandikwa saa ngapi?

Nigeria ilikuwa vivyo hivyo. Ken Saro-Wiwa, mwandishi aliyewatetea Waogoni dhidi ya uchafuzi wa mafuta, alihukumiwa na mahakama maalumu ya serikali ya kijeshi ya Sani Abacha, ambayo uamuzi wake haukuwa na rufaa kwa mahakama ya juu yake. Hukumu zilitoka mwishoni mwa Oktoba 1995. Tarehe 10 Novemba alinyongwa pamoja na wenzake wanane. Jumuiya ya Madola iliisimamisha Nigeria uanachama, lakini watu tisa walikuwa wameshazikwa.

Serikali inayoharakisha hivyo ina jambo inaloogopa lisikike. Sisi Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 50, inampa kila aliyehukumiwa haki ya kukata rufaa au kuomba hukumu ipitiwe na mahakama ya juu zaidi. Haijasema tajiri.

"Sisi tukimshika mwizi tunamaliza wenyewe, kwa sababu polisi watahongwa kesho arudi. Hiyo nayo utaipinga?" (Baba wa watoto wanne, Bungoma)

Naipinga kwa nguvu zangu zote, mzee wangu. Hiyo ndiyo hukumu ya kifo isiyo na rufaa tuliyo nayo hapa, na tunaitekeleza sisi wenyewe. Hongo za polisi nazijua na zinaniudhi kama wewe. Lakini niliwahi kusimama kando ya barabara, tairi limeshavishwa mtu shingoni, akaja kijana anakimbia na petroli kwenye chupa ya soda. Alipofika akahema, akamgeukia mwanamke aliyekuwa karibu nami, akauliza, "Ameiba nini?"

Alikuwa ameshainunua. Yule mtu alipona kwa sababu wanawake wawili wauza mahindi walimkalia, wakakataa kuondoka mpaka gari la polisi lilipofika.

"Mwanangu alihukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu, yeye na mwenzake. Hatukuwa na wakili. Tumeambiwa siku 14 za rufaa zimepita. Nifanye nini?" (Mama, Mumias)

Mama, usikate tamaa. Anayeshtakiwa kwa mauaji hufikishwa Mahakama Kuu na hupewa wakili na serikali. Wizi wa mabavu husikilizwa na hakimu, na wengi hujitetea wenyewe, ingawa adhabu yake ni kifo, na sheria inawahesabu humo hata vijana wawili wasio na silaha waliomtisha mtu wakampora simu. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema haifai jaji kulazimishwa kutoa kifo, kisha mwaka 2021 ikaeleza kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Hakimu wa mwanao alibaki amefungwa mikono. Hilo linaniuma kila ninapoliandika.

Siku 14 ni kweli, lakini Mahakama Kuu inaweza kupokea rufaa iliyochelewa kukiwa na sababu nzuri. Na kama mmechelewa kwa kukosa nakala ya hukumu, sheria inasema lazima ipokee. Kwa hiyo nenda kwenye mahakama iliyomhukumu na namba ya kesi, uombe nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi kwa barua, na ubaki na nakala ya barua iliyopigwa muhuri wa tarehe. Mwambie mwanao aombe fomu ya rufaa kwa maofisa wa gereza. Omba msaada wa kisheria wa serikali, upo kwa sheria ya mwaka 2016. Mahakama Kuu ikimkatalia, iko Mahakama ya Rufaa, na hukaa Kisumu.

Na usiuze shamba kumlipa mtu anayedai anamjua jaji.