Muulize Fundi wa Vyombo: Mifuniko ya sitaha inavuja na silikoni haishiki

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Mie mvuvi wa Tumbe, Pemba. Mie na ndugu zangu tumenunua boti ya alumini ya mita 7, imeshatumika, ina mifuniko miwili ya sitaha, wa mbele ni wa ngama (tumbo la chombo) ya barafu na samaki, wa nyuma ni wa tangi la petroli na betri. Kusi likivuma kila tukirudi tunakuta maji ndani, juzi tumefua maji madumu 10 mazima. Nimeshapaka silikoni mara mbili, ile ya madirisha, inakaa wiki inabanduka, na sasa pembeni ya bolti za bawaba kunatoka unga mweupe na rangi inavimba. Mzee mmoja anasema tupige lami, mwengine anasema mfuniko wa nyuma tuuchomelee kabisa tuachie tundu dogo la mpira wa mafuta. Tufanyeje? Baharia wa Tumbe.

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Huo mfuniko wa nyuma musiuchomelee, nakuombeni sana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unatuama chini ya ngama, na humo humo munayo betri, ikitoa cheche moja tu hamurudi nyumbani. Pale panataka mlango unaofunguka mukague kila siku, na zile tundu za kupitishia hewa zibaki wazi, hata tukiziba maji tusizibe hewa. Na fundi wa mageti na madirisha asikaribie boti hiyo na mashine yake ya kuchomelea chuma, alumini inayeyuka kama nyuzi 660 na haiwi nyekundu kwanza ikakuonya, unaona iko vile vile mara imeshadondoka, na ikipona kuyeyuka inajipinda kwa moto halafu mfuniko haukai tena.

Tena madumu 10 si jambo la kufua ukasahau. Dumu la lita 20 lina kilo 20 na ushei, hapo mulibeba zaidi ya kilo 200 ambazo hazikai mahala pamoja, chombo kikilala kulia zote zinakimbilia kulia zinakizidisha kulala, na hiyo ndo inayopindua boti ndogo kwenye wimbi la ubavuni.

Sasa, kosa lako umeziba kabla hujajua panapovuja. Kausha ngama mpaka iwe kavu kabisa, muingize kijana mmoja ndani na tochi (ngama ya mbele tu, ya petroli hapana, ile utachungulia mwenyewe mchana baada ya kutoa tangi na kuacha wazi ipigwe na upepo), halafu wewe juu umimine maji polepole kwa ndoo, anza chini kwenye sitaha pembeni ya fremu, ngoja, kisha bolti za bawaba, ngoja, kisha makomeo, mwisho kabisa ndo ukingo wa mfuniko, ukimwagia kote kwa pamoja hutojua kitu. Mara nyingi wallahi utakuta si mfuniko ni bolti.

Ukingo wenyewe upime kwa chaki. Paka chaki juu ya ukingo wa fremu pande zote nne, funga mfuniko ukaze makomeo kama unakwenda baharini, fungua, tazama raba ya kuzibia maji iliyo chini ya mfuniko. Mstari wa chaki unatakiwa uzunguke bila kukatika, ulipokatika ndo mlango wa maji. Ukikatika upande wa bawaba basi bawaba zimelegea au zimewekwa juu mno, ukikatika katikati ya upande mrefu basi mfuniko umebonyea kwa kukanyagwa na kuangushiwa matenga, huo utaunyoosha kwa nyundo ya mpira na kipande cha mbao, taratibu, bila moto.

Halafu kuna mfereji. Boti nyingi za namna hiyo zina kijimfereji kinachozunguka fremu na vitundu vya kutolea maji nje, na nyinyi watu wa dagaa magamba yanaziba vile vitundu, maji yanajaa mferejini yanapanda yanaruka raba, hata raba iwe mpya. Zibua kwa mshipi mnene au presha ya maji, usitie waya wa chuma. Mie nimeshakaa siku mbili nabadilisha raba ya watu kumbe ni gamba tu, mpaka leo naanzia hapo.

Huo unga mweupe ndo unaonitia wasiwasi zaidi. Bolti zako ni stenlesi, fremu ni alumini, maji ya chumvi yakizikutanisha inakuwa kama betri, na inayoliwa ni alumini, bolti itabaki inang'ara. Na silikoni ya madirisha inayonuka siki inatoa asidi ya siki wakati inakauka, kwa hiyo ulikuwa unaisaidia kula. Ing'oe yote kwa kipande cha mbao au plastiki kigumu, isibaki hata utando maana juu yake hakishiki kitu. Toa bolti, piga msasa mpya ambao haujagusa chuma mpaka uone alumini inang'aa, futa kwa asetoni, na upake siku hiyo hiyo ndani ya saa moja, alumini ikikaa inajivika tena ngozi yake. Tumia Sikaflex 291, gundi ya vyombo vya baharini, au silikoni ya nyutro isiyonuka siki. Tundu la bolti lipanue mdomo kidogo kwa biti kubwa ili gundi ikae kama pete, weka washa za nailoni, bolti yenyewe ipakwe gundi mwili mzima isigusane na alumini. Usikaze mpaka mwisho. Kaza gundi itokeze, iache siku nzima, kisha ndo umalizie robo mzunguko, ukikaza yote siku ya kwanza unaikamua yote nje.

Raba nunua ya sponji isiyonywa maji, izamishe ndani ya ndoo uibinye, ikinywa kama sponji ya vyombo iache dukani. Ikibanwa ipungue kama robo hadi theluthi ya unene wake, ikibanwa zaidi inalala haiinuki tena. Kiungo weka katikati ya upande wa bawaba, si kwenye kona. Mfuniko wa petroli utake raba ya naitraili, inayostahimili mafuta, ile ya milango ya gari inavimba ikiguswa na mafuta. Lami acha, jua la saa sita litaiyeyusha iingie kwenye samaki.

Ivuteni boti juu kilele cha bamvua, maji yakijaa mno, maji mafu yanayofuata ni madogo hayatoifikia na mutapata siku kadhaa za kukausha gundi bila wimbi.

SWALI: Fundi, mfuniko wangu wa alumini umeoza, naweza kuweka wa plaiwudi? Mkokotoni.

JIBU: Unaweza kwa dharura, ila mbao inashika unyevu na pale inapolalia alumini panaoza chini kwa chini bila wewe kuona. Ipake epoksi pande zote na kwenye kingo zilizokatwa, weka ukanda wa mpira kati yake na fremu, na usichukue mbao iliyotiwa dawa ya mchwa yenye shaba, shaba na alumini hazikai nyumba moja. Ndo maana hata rangi nyekundu ya chini ya majahazi, ile ya shaba, boti ya alumini haipakwi.