Kwa nini bawa la F-104 ni jembamba vile?

Mkuu, umeuliza kwa nini F-104, ndege ya kivita ya kampuni ya Lockheed ya Marekani, ilipewa bawa jembamba kama wembe, na mbona ndege za abiria haziigi. Unene wake ni kama asilimia 3.4 tu ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Ukipita kasi ya sauti, bawa nene huzua mawimbi ya mshtuko yanayoirudisha ndege nyuma. Jembamba linapasua hewa. Ndege ikiegeshwa, makali ya mbele yalivalishwa vifuniko, mafundi wasije wakakatwa!

Ndege za abiria haziigi kwa sababu kazi ipo kwenye kutua. Ukizidisha kidogo tu kuinua pua, hewa inabanduka juu ya bawa na ndege inakosa wa kuibeba. Ndiyo maana walipuliza hewa ya injini juu ya flapu, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Na mafuta utayaweka wapi humo? Hata magurudumu yalikunjiwa tumboni.