Mmea wangu unakula nzi, mbona unakufa?

Mwezi huu zaidi ya nusu ya maswali yenu yamekuja na mimea inayokula wadudu, nimefurahi kweli maana ni mimea naipenda mno, ila nimesikitika pia, wengi mnaiua kwa mapenzi. Twende.

Anti habari za kazi. Nilipewa zawadi ya ule mtego wa nzi wa Venus, ulikuja mzuri kabisa, midomo wazi na ndani nyekundu. Sasa ni wiki ya tano midomo inageuka myeusi mmoja baada ya mwingine. Namwagilia maji ya bomba ila nayachemsha kwanza yawe salama, na kila baada ya siku mbili naupa kipande cha nyama sababu humu ndani hakuna nzi. Nakosea wapi? – Mama mwenye huzuni

Pole sana mama, na usijilaumu, karibu kila mtu anaanzia hapo hapo. Tuanze na maji. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kukuumiza wewe, lakini chumvichumvi zilizomo haziendi popote, tena maji yakipungua kwa mvuke zilizobaki ndo zinazidi kukolea. Angalia ndani ya birika lako, lile ganda jeupe chini ni dalili ya chumvi hizo, na zilizobaki majini ndizo unazoumwagia mmea wako kila siku. Kwao huu mmea ni pwani ya North Carolina na South Carolina kule Marekani, ardhi ya majimaji, mchanga na mboji chachu, udongo maskini wa naitrojeni na fosforasi, na mizizi yake haijazoea chumvi hata kidogo. Tumia maji ya mvua, au ya kukeneka (yale yanayotokana na mvuke uliopozwa), au yaliyopitishwa kwenye mashine ya RO (inayochuja chumvi). Ukiwa na kile kimita cha TDS, kinachopima chumvi zilizoyeyuka majini, isizidi 50. Na tafadhali, mtu akikwambia tumia maji ya betri soma chupa kwanza, maana kuna ya kukeneka na kuna ya asidi na yote watu wanayaita jina hilo hilo.

Sasa nyama. Kaa siku moja karibu na mtego ulio wazi uangalie kwa makini, kila upande wa mdomo kuna vinywele vidogo, kwa kawaida vitatu vitatu. Nzi akigusa mara moja hakuna kinachotokea. Akigusa tena ndani ya sekunde kama 20 hivi, mdomo unafunga haraka kuliko unavyopepesa jicho. Lakini hapo bado kazi haijaanza! Yule nzi akihangaika humo ndani anaendelea kugusa vile vinywele, na ni kule kuhangaika ndo kunauambia mtego ujibane zaidi, uzibe kingo zake na kumwaga majimaji ya kumeng'enya. Nyama haihangaiki. Mdomo unafunga nusu nusu, nyama inaoza, ukungu unaingia na jani linakwenda. Ni kweli mwanasayansi Charles Darwin aliilisha mimea hii vipande vya nyama kwenye majaribio aliyochapisha mwaka 1875, ila yeye alikuwa anachunguza, wewe unatunza, na hizo ni kazi mbili tofauti.

Na kuulisha kila siku mbili ni kuuchosha tu. Mdudu mmoja mtego mmoja unakaa naye wiki moja hata mbili, ukifunguka unakuta ganda kavu la nzi, bawa na miguu, ndani hamna kitu. Ukiulisha mara moja au mbili kwa mwezi inatosha kabisa, mdudu asizidi theluthi moja ya mtego. Kama hupati mdudu hai, loweka mdudu mkavu kidogo, muweke, mdomo ukifunga uubonyebonye taratibu kwa vidole kwa dakika hivi, mtego utadhani anapambana.

Ila mama, kitu ninachotaka kila msomaji akishike ni hiki: mmea huu hauishi kwa nzi. Unatengeneza chakula chake kwa jua kama mchicha ulivyo, nzi ni mbolea yake basi. Ndo maana mtu anaulisha kila siku kwenye kona ya giza na bado unakufa. Uweke kwenye jua kali la moja kwa moja kwa muda wa masaa matano au sita kila siku, uuzoeshe polepole kama ulikuwa ndani muda mrefu. Udongo ni pitimosi (mboji ya mimea ya majimaji) na perlaiti (vile vipunje vyeupe vyepesi vya mwamba), usiwe na mbolea kabisa, chungu cha plastiki, chini sahani yenye maji ya sentimita moja au mbili. Kata majani yote yaliyokuwa meusi. Kisha fukua kidogo kwa kidole uone shina lake la chini, kama bado ni jeupe na gumu kama kitunguu kidogo, usiutupe, utachipua.

Watoto wangu wanapenda kuuchokoza mtego kwa njiti ufunge, kuna ubaya? – Baba watatu

Hauwaumizi vidole, ila wao wanauumiza. Kila kufunga ni gharama na mtego mmoja una mara chache tu za kufunga kabla haujachoka na kufa. Waonyeshe siku ya kulisha, wataona zaidi.

Dada, Nepenthes yangu (ule mmea unaonasa wadudu kwa vikombe) ina majani makubwa ya kijani ya kupendeza lakini haitoi vile vikombe. Miezi minne sasa! Vile ilivyokuja navyo vimekauka. Niiwekee mbolea? – Mpenda vikombe

Usiweke mbolea kwenye udongo mpenzi. Kwanza elewa kikombe kinavyokuja: ncha ya jani inarefuka kama kamba, mwishoni panatokea kifundo kidogo, ndo kinavimba kuwa kikombe na siku moja kifuniko kinafunguka. Kifundo kikikauka, jani lile halitoi tena, usilisubiri, subiri majani mapya. Mara nyingi kinachokausha vifundo ni mwanga hafifu au hewa kavu, na mmea uliohamishwa juzi juzi huwa unagoma wiki kadhaa mpaka uzoee. Majani makubwa ya kijani kibichi kama unavyosema kwangu ni dalili ya kiu ya mwanga. Isogeze dirishani penye mwanga mwingi, jua la asubuhi ni zuri sana, na iweke mbali na feni na eisii.

Halafu hii sio kama mtego wa Venus, usiiketishe kwenye maji, mizizi itaoza. Inataka unyevu unaopita, sfagnamu (kuvumwani ya kwenye majimaji) iliyochanganywa na perlaiti au magome. Na ujue ni ipi unayo, zipo za nyanda za chini zinazopenda joto usiku na mchana, na za milimani ambazo usiku zinataka baridi, ukizikosea hizo mwanga hausaidii. Maji yaliyo ndani ya kikombe usiyamwage, yakimwagika kwa bahati mbaya weka kidogo ya mvua.

Nikijaza hii mimea chumbani mbu wataisha? – Nimechoka kuumwa

Hapana, endelea na chandarua. Mmea unakamata wachache sana kulinganisha na wanaozaliwa. Drosera, ule wenye matone ya gundi kwenye majani, unakamata vizuri vile viinzi vidogo vya kwenye vyungu, na ukimwangalia mmoja aliyenasa utaona vinyweleo vinamwinamia taratibu na jani kujikunja juu yake, inachukua masaa. Ila dawa ya kupuliza usipige karibu nayo.

Nakaa sehemu ya joto mwaka mzima. Nimeambiwa mtego wa Venus unahitaji kulala, ni kweli? – Msomaji mpya

Ni kweli, unataka miezi mitatu minne ya baridi upumzike, majani mengi yanakufa na watu wanadhani umekufa wanautupa, inaniuma sana. Wengine wanautunza kwenye friji kipindi hicho, inawezekana, ila kwa anayeanza mahali pa joto ningekwambia anza na Drosera capensis au Nepenthes ya nyanda za chini, hazidai baridi. Ukiamua mtego wa Venus hata hivyo, muulize muuzaji kama umeoteshwa kitaluni. Ile ya porini imeibwa mno mpaka mwaka 2014 North Carolina wakapitisha sheria kwamba kuung'oa kwa wizi ni kosa kubwa la jinai, kwa hiyo asipoweza kukwambia umetoka wapi, muachie.