Misimu inabadilika, nipige picha gani? Maswali yenu na majibu

Maswali yamekuja mengi tangu hali ya hewa ianze kugeuka, na mengi yanazunguka jambo moja, mtu anatamani kupiga picha za asili lakini anaona karibu naye hakuna kitu cha maana. Nianze na hilo.

Ninapoishi hakuna mlima wala msitu wala ziwa, ni nyumba na barabara tu. Nipige nini?

Chagua mti mmoja. Au hata kipande cha majani yaliyojiotea kando ya ukuta unaopita kila siku, halafu uwe unarudi hapo hapo msimu baada ya msimu, usimame pale pale, simu uishike urefu ule ule. Nasema hivi kwa sababu mabadiliko ya msimu huyaoni kwenye picha moja, unayaona ukishaweka ya leo pembeni ya ile ya miezi minne nyuma, hapo ndo unashtuka kumbe mti ulikuwa unafanya mambo kibao na wewe unapita tu. Miti mingi majani machanga yanatoka na rangi ya shaba kwanza, baadaye ndo yanakuwa kijani. Magome yakilowa yanakolea na mistari yote inajitokeza, uyoga unachomoza shinani, wiki chache mbele haupo tena.

Kuna mkulima wa Vermont kule Marekani, Wilson Bentley, mwaka 1885 aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya chembe moja ya theluji, na mpaka anafariki mwaka 1931 alikuwa ameshapiga zaidi ya 5,000. Hakuzunguka dunia, theluji yenyewe ilikuwa inamdondokea nyumbani kwake. Huyu mtu nampenda sana, na kila anayeniambia kwake hakuna kitu namtajia huyu.

Mbona maua yangu yakitoka kwenye picha yanakuwa meupe kama yameungua?

Bila shaka unapiga jua likiwa la utosi. Mwanga wa saa sita mchana ni mkali na vivuli vyake ni vizito, simu inashindwa kubeba vyote viwili kwa pamoja. Piga asubuhi jua likichomoza au jioni linapokaribia kuzama, wakati huo mwanga unapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla haujakufikia, rangi ya bluu inatawanyika njiani na inayobaki ni ile ya njano na dhahabu, halafu unakuja kwa ubavu kwahiyo kila unyoya wa shina unaonekana. Siku ya mawingu nayo ni nzuri mno kwa maua, watu wanaidharau bure.

Kama huna muda mwingine zaidi ya mchana, simama ulizibie jua ua, kivuli chako kilifunike lote, utaona rangi zinarudi. Halafu gusa ua kwenye skrini na ushikilie kidole, simu nyingi zitafunga fokasi hapo, yaani ukali wa picha utabaki pale ulipogusa, na kutakuja kialama cha jua, kivute chini kidogo picha ipungue mwanga. Na futa lenzi jamani! Nusu ya picha zenye ukungu mnazonitumia ni alama za vidole.

Mvua zimeanza, natoka vipi na nipige nini?

Subiri inyeshe ikatike, toka hapo hapo. Huu kwangu ndo msimu wa kwanza kwa utamu. Tafuta tone lililoning'inia kwenye ncha ya jani, lile tone ni lenzi kabisa, kilichoko nyuma yake kinaonekana ndani kikiwa kimepinduliwa kichwa chini miguu juu, kwahiyo ukijipanga hadi ua likae nyuma ya tone utalikuta mle ndani zima zima, dogo, na petali zake zote unaweza kuzihesabu. Simu ikigoma kushika fokasi usizidi kuisogeza, rudi nyuma kidogo, piga, halafu kata pembeni baadaye, na usitumie zumu ya kuvuta kwa vidole maana mara nyingi inachofanya ni kukuza tu picha ile ile mpaka inachakaa. Upepo ukivuma tulia. Jani huwa linasimama kwa sekunde moja hivi, na sekunde hiyo inatosha.

Upinde wa mvua utafute ukiwa umelipa jua mgongo, na utaupata asubuhi au jioni kwa sababu jua likipanda zaidi ya digrii 42 kwa mtu aliyesimama ardhini upinde unakuwa umeshashuka chini ya upeo wa macho.

Umande nao una tabia yake, unapenda usiku wenye anga safi na hewa tulivu, ndo majani yanapopoa vizuri. Kwahiyo ukilala unaona nyota zote na hakuna upepo, amka mapema uende kwenye utando wa buibui, upige ukielekea jua na nyuma yake pawe na kitu cheusi, kichaka au ukuta wenye kivuli. Hiyo picha haina haja ya mapambo yoyote.

Kiangazi kila kitu kimekauka, ni vumbi tu. Si bora nipumzike?

Usipumzike! Rangi zikiondoka yanabaki maumbo. Matawi matupu yanaonyesha mti umejengwaje, nyasi kavu zikipigwa na jua kwa nyuma zinawaka kingo zote, tope lililopasuka ukilipiga jioni kila ufa unapata kivuli chake. Hilo hilo vumbi unalolilalamikia linasaidia kulifanya jua la jioni liwe jekundu na tulivu.

Kwanini majani mengine yanageuka njano na mengine mekundu?

Njano ilikuwemo muda wote, imefunikwa na klorofili ya kijani, mti ukianza kuivunja klorofili njano inajitokeza. Nyekundu kwa kawaida inatengenezwa upya wakati huo huo wa mwisho, inapenda siku za jua na usiku wa baridi. Liinue jani moja mbele ya jua upige kwa upande wa chini, mishipa yote itaonekana.

Theluji yangu inatoka ya kijivu.

Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Ongeza mwanga stopu moja mpaka mbili, kila stopu ni kuuzidisha mwanga mara mbili.

Kuongeza rangi kwenye programu ni kudanganya?

Kurekebisha kidogo mi naona sawa tu. Ila kijani kikishafika pale ambapo hakuna jani duniani lenye hiyo rangi, umeshaupoteza msimu uliotoka kuupiga, maana kijani cha mwanzo wa mvua na kile cha mwisho havifanani hata kidogo.

Vipepeo na ndege wananikimbia, nifanyeje?

Kwa wadudu nenda alfajiri ya baridi, miili yao inategemea joto la nje kwahiyo jua lisipowapasha wanakuwa wazito hawaruki. Wapo wanaowaweka kwenye friji ili watulie, tafadhali usifanye hivyo. Ndege anayeruka anataka kasi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, ya 1/1000 ya sekunde au fupi zaidi, kwa simu washa ile ya kupiga mfululizo halafu uchague. Ila kiota chenye mayai au makinda usikisogelee, wala usikate tawi ili uone vizuri, mzazi akiogopa kurudi makinda yanapigwa na baridi, na tawi likishaondoka kunguru naye anakiona kiota. Piga kwa mbali, au ngoja wakue waondoke ndo upige kiota chenyewe.